Mjomba, Olympia nimeiona: hao Wagiriki wako nao walihonga

Shikamoo Mjomba,

Nakuandikia hapa hadharani kwa kuwa na ubishi wetu ulikuwa wa hadharani, pale barazani kwako, majirani wote wanasikiliza. Ulishikilia kwamba riadha ya leo imeharibiwa na fedha na sindano, na kwamba Wagiriki wa kale walikimbia kwa heshima tu, wakavikwa shada la majani, wakarudi zao shambani wakiwa wameridhika. Umefundisha michezo miaka yote hiyo, umepeleka vijana UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, nani angekubishia? Basi nimefika Olympia kwenyewe, huko Ugiriki walikoshindania Olimpiki ya kale, na sasa nakubishia.

Ya meli yetu ya kitalii nisikuchoshe nayo. Ilitia nanga Katakolo, kibandari chenye mtaa mmoja wa maduka na mikahawa, ambacho siku zikija meli tatu kwa pamoja wageni wanawazidi wenyeji. Mkweo alibaki melini na magoti yake. Sisi wengine tuliingizwa kwenye mabasi, tukapita mashamba ya mizeituni kama dakika arobaini hivi, tukashushwa getini nyuma ya mama mmoja aliyeinua kibao chenye namba, tukimfuata kama watoto wa chekechea. Alikuwa anaijua kazi yake, ila saa alizopewa hazitoshi. Mtu mwenye hamu kweli na akodi teksi pale bandarini, mradi achunge muda, maana meli haimsubiri aliyekwenda kivyake.

Muda mwingi uliishia kwenye hekalu la Zeus, mungu mkuu wa Wagiriki wa kale. Sikatai, linatisha. Nguzo zimelala vipande vipande jinsi zilivyoangushwa na matetemeko ya ardhi katika karne ya 6 BK, na kila kipande ni kikubwa kuliko mtu. Imesimamishwa moja tu, mwaka 2004. Humo ndimo ilimokaa sanamu ya Zeus ya dhahabu na pembe za ndovu, kazi ya mchongaji Phidias, iliyohesabiwa miongoni mwa maajabu saba ya dunia. Haikubaki hata ukucha. Karakana ya Phidias ndiyo imebaki, kwa sababu Wakristo waliigeuza kanisa.

Lakini mimi nilikuwa nasubiri tufike kwenye vitako vya sanamu.

Ukielekea uwanjani, kabla tu ya lile lango la mawe lenye upinde, upande wa kushoto kuna safu ya vitako vya mawe, 16 kwa hesabu ya wataalamu. Watalii wanavipita, wengine wanakalia cha karibu kufunga kamba za viatu. Mjomba, juu ya kila kimoja palisimama sanamu ya Zeus ya shaba nyeusi, na zote zililipiwa kwa faini za wachezaji walaghai. Za kwanza sita zilitokana na bondia mmoja wa Thessaly, Eupolus, aliyewahonga wapinzani wake watatu mwaka 388 KK wamwachie ushindi. Mmoja wa hao watatu alikuwa bingwa wa michezo iliyotangulia! Waliwatoza faini wote wanne, mtoaji na wapokeaji. Kitako kimoja kiliandikwa kwamba ushindi wa Olympia hupatikana kwa mbio za miguu na nguvu za mwili, siyo kwa fedha. Mawe hayo yaliwekwa mahali ambapo kila mwanariadha lazima apite akiwa anaingia uwanjani. Wangeyaweka hapo kwa nini, kama wote walikuwa malaika?

Kuna kisa kingine, kimehifadhiwa na Pausanias, msafiri aliyepita hapo karne ya 2 BK. Bondia wa Alexandria aitwaye Apollonius alichelewa kufika, akajitetea kwamba upepo mbaya ulikizuia chombo chake visiwani. Mwenzake wa mji huohuo akamuumbua: hakuna cha upepo, alikuwa Asia Ndogo anashindania fedha. Waamuzi wakamwondoa, mwenzake akapewa shada bila pambano. Apollonius akafunga mikononi ngozi za ndondi, akamvamia mshindi akiwa shada liko kichwani. Ukiniambia kisa hicho kilitokea kwenye mechi ya mchangani kwetu, nitaamini.

Na Nero je? Mfalme wa Roma mzima alilazimisha michezo isogezwe hadi mwaka 67 BK ili iendane na ziara yake. Akaendesha gari la farasi kumi, akaanguka, hakumaliza, na bado akatangazwa mshindi. Walikuja kuufuta ushindi huo alipokwisha kufa.

Uwanja wenyewe ungeupenda. Hauna viti. Ni tuta la majani pande zote, walikaa watu kama 45,000 juani, na katikati ni udongo mtupu wa urefu wa mita 192 na kidogo. Mstari wa kuanzia bado upo, mawe meupe yaliyochongwa mifereji miwili midogo inayokwenda sambamba, ya kubania vidole vya miguu. Nilivua raba nikaweka vyangu. Mifereji imekaribiana mno, kwa hiyo unasimama wima, miguu karibu igusane, siyo kuchuchumaa kama wakimbiaji wa leo. Mzee mmoja wa basi letu aliruka, akakimbia hatua kadhaa, akaanza kukohoa. Tukampigia makofi.

Hapo mstarini ndipo nilipokukumbuka zaidi, maana shada lilikuwa moja. Wa pili hakupewa kitu. Fikiria Moscow 1980: Nyambui wa pili katika mita 5,000, Bayi wa pili katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Ndizo medali pekee za Olimpiki nchi yetu ya Tanzania imewahi kupata, zote za fedha. Kwa sheria za hao wazee wako, wote wawili wangerudi mikono mitupu, na wewe usingekuwa na ile picha ukutani. Mshindi naye hakuishia kwenye majani. Sheria ya Solon, mtunga sheria wa Athens, ilimpa Mwathene aliyeshinda Olympia drakma 500, na baadaye mabingwa wakawa wanalishwa kwa gharama ya mji maisha yao yote. Majani yalikuwa ya siku ya sherehe tu.

Wanawake nisiseme sana, nitakasirika. Walioolewa walikatazwa hata kutazama, isipokuwa kuhani wa Demeter, mungu wa kike wa mavuno, ambaye kiti chake cha jiwe kilikuwa tutani. Wanawake walikuja kushindana katika uwanja huo kwenye Olimpiki ya 2004, ilipopelekwa huko michezo ya kurusha tufe. Hapo nakupa pointi moja, kwa kuwa sipendi kuficha: mshindi wa wanawake siku hiyo alinyang'anywa dhahabu kwa dawa za kuongeza nguvu, na wa wanaume naye akanyang'anywa mwaka 2012 sampuli zake zilipopimwa upya. Lakini walinyang'anywa, Mjomba. Leo tunapima. Enzi zile walisubiri mtu amchongee mwenzake.

Najua utanijibu kwa Akhwari, kwamba Mexico 1968 alimaliza marathoni goti limefungwa bendeji, wa mwisho, giza limeingia, na kwamba hiyo ndiyo roho ya kale. Siyo ya kale hata kidogo. Marathoni haikuwepo Olympia. Ilibuniwa kwa ajili ya Athens 1896. Akhwari ni wa michezo hiihii unayoitukana.

Mimi na mkweo tunakuja Desemba. Tafuta hoja nyingine.