Tutofautishe mbegu chotara na GMO, kisha tuulize maswali yenye uzito

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo sisi wa Nyanda za Juu Kusini tunalisikia kila msimu wa kununua mbegu unapokaribia. Katika mikutano ya vijiji, kwenye magulio na hata katika mazungumzo ya redio, karibu kila mbegu inayouzwa ndani ya mfuko huitwa GMO, yaani kiumbe kilichobadilishwa vinasaba kwa uhandisi jeni. Mahindi chotara huitwa GMO, miche ya parachichi ya kubebesha huitwa GMO, kuku wa nyama naye hatajwi kwa jina jingine, na viazi mviringo vikizidi ukubwa uliozoeleka navyo huingizwa humo humo. Nilifanya kazi ya ugani katika mkoa huu hadi nilipostaafu, na ninaandika kwa sababu naona uchanganyaji huu unamdhuru mkulima mara mbili: unamtia hofu ya kitu asichopaswa kukiogopa, na unamnyima nafasi ya kuuliza yale ambayo kweli anastahili kujibiwa.

Nianze na mbegu chotara, kwa kuwa ndiyo inayowagusa wengi. UH6303 na UH615, mbegu za mahindi zilizotoka katika kituo chetu cha utafiti cha Uyole, zilipatikana kwa njia ambayo mtu yeyote anaweza kuishuhudia kwa macho akiwa amesimama shambani. Mtafiti hupanda wazazi aliowachagua kwa mistari inayopishana, huondoa mbelewele za mstari uliokusudiwa kuwa mama kabla hazijamwaga chavua, na kuziacha ndevu zake zipokee chavua ya mstari wa baba. Hakuna jeni, yaani sehemu ya vinasaba inayobeba maelekezo ya sifa fulani, iliyochukuliwa kutoka kwa kiumbe kingine. Mkulima anayelalamika kwamba akiirudia mbegu hiyo mwaka wa pili mavuno hushuka anasema kweli, lakini sababu yake si sumu wala hila iliyofichwa ndani ya punje. Sifa za wazazi zilizokutana katika kizazi cha kwanza hutawanyika katika kizazi kinachofuata, mimea mingine ikaelekea kwa mzazi mmoja na mingine kwa mwingine, hata shamba zima likakosa ulinganifu. Gregor Mendel alikwisha kuueleza utaratibu wa namna hiyo mwaka 1866 kwa kutumia njegere, zaidi ya miaka 100 kabla ya mtu yeyote kuhamisha jeni maabara.

Kubebesha parachichi ni jambo la mbali zaidi na GMO. Kikonyo cha parachichi aina ya Hass hufungwa juu ya shina la parachichi la kienyeji, sehemu mbili zikaungana na kupitisha maji na chakula, lakini vinasaba vya juu hubaki vya juu na vya chini hubaki vya chini. Vilevile miche ya migomba au ya viazi inayokuzwa ndani ya chupa za maabara hutokana na kipande kidogo cha chipukizi cha mmea mama, nayo hufanana na mama huyo kwa kila jeni. Faida yake kubwa ni usafi, kwa sababu magonjwa mengi ya viazi husafiri ndani ya mbegu yenyewe, na mkulima wa Umalila au Makete anayepanda viazi vidogo vilivyobaki katika mavuno yake mwaka baada ya mwaka huyapanda magonjwa pamoja navyo.

Uhandisi jeni wenyewe ni kazi nyingine kabisa. Mwaka 1973 wanasayansi wawili wa Marekani, Stanley Cohen na Herbert Boyer, walionyesha kwamba kipande cha vinasaba kinaweza kukatwa kwa kimeng'enya kimoja, kikaunganishwa kwa kimeng'enya kingine na kipete kidogo cha vinasaba, kisha kikaingizwa ndani ya bakteria ambaye atakinakili kila anapogawanyika. Kwa njia hiyo jeni ya binadamu inayotengeneza insulini iliwekwa ndani ya bakteria, na mwaka 1982 insulini hiyo ikaidhinishwa kutumika Marekani, wakati hapo awali wagonjwa wa kisukari walitegemea insulini iliyokamuliwa katika kongosho za nguruwe na ng'ombe. Chanjo ya homa ya ini aina ya B, ambayo watoto wetu huipata kliniki ndani ya chanjo ya mchanganyiko, hutengenezwa na hamira iliyopewa jeni ya kirusi husika. Nayataja haya kwa sababu wapo wanaosema kwamba bioteknolojia ya kisasa haijafika kwetu, ilhali imo katika majokofu ya zahanati zetu.

Kwa mimea, njia inayotumika zaidi humtegemea bakteria wa udongoni aitwaye Agrobacterium, ambaye kwa asili yake huingiza sehemu ya vinasaba vyake ndani ya mmea na kuusababishia uvimbe. Wanasayansi walimwondolea jeni za uvimbe, wakaweka mahali pake jeni wanayoitaka. Njia ya pili ni kuzirusha ndani ya seli za mmea chembe ndogo sana za dhahabu zilizopakwa vinasaba. Baada ya hapo hutafutwa zile seli chache zilizoipokea jeni, hukuzwa hadi zikawa mimea kamili, kisha huanza miaka ya kupima. Mahindi ya Bt, yanayotajwa zaidi duniani, yamepewa jeni ya bakteria Bacillus thuringiensis, na protini inayotokana na jeni hiyo hujishikiza kwenye utumbo wa viwavi fulani na kuutoboa, wakati utumbo wa binadamu hauna mahali pa protini hiyo kujishikiza.

Tangu viwavijeshi vamizi viingie nchini mwaka 2017, nimewaona majirani wakipulizia mahindi dawa mara baada ya mara, wengi bila kinga yoyote usoni, na sioni haya kusema kwamba mmea unaojikinga wenyewe unavutia. Hata hivyo hapa ndipo penye swali ambalo silisikii likiulizwa katika mabishano yetu yote. Afrika Kusini ilianza kulima mahindi ya Bt mwaka 1998, na ilipofika mwaka 2007 iliripotiwa kwamba bungua wa mabua, mdudu yule yule anayetusumbua huku milimani, alikuwa ameanza kuyala mahindi hayo bila kufa. Ili kuchelewesha usugu wa aina hiyo, mkulima wa huko hutakiwa kutenga sehemu ya shamba na kuipanda mahindi ya kawaida, yaani asilimia 5 isiyopuliziwa dawa au asilimia 20 inayopuliziwa, ili wadudu wasio sugu waendelee kuwepo na kuzaliana na wale walioanza kuwa sugu. Wakulima wengi hawakuifuata kanuni hiyo ipasavyo, na watafiti waliihesabu kuwa miongoni mwa sababu za usugu ule.

Sasa tuyalete hayo Mbeya Vijijini au Mbozi, ambako mkulima ana ekari moja au mbili zilizopakana na ekari za wenzake kumi bila hata mtaro wa kuzitenganisha, ambako mahindi hupandwa pamoja na maharage, na ambako mama akiishiwa mbegu humwomba shemeji yake mahindi mawili ya mbegu. Nani atatenga ile asilimia 5, na nani atapita kukagua? Chavua ya mahindi huchukuliwa na upepo, nao upepo hauulizi mpaka wa shamba. Mkulima anayeitunza mbegu yake ya asili kwa ajili ya ugali anaoupenda anaweza kuvuna punje zenye jeni ya jirani bila kutaka na bila kujua, na hilo halitokei kwa sababu jeni ni uchawi, bali kwa sababu ndivyo mahindi yanavyozaana. Haya si maswali ya kuipinga sayansi, kwa kuwa sayansi yenyewe ndiyo iliyoyaibua, na inawezekana yakapata majibu mazuri, lakini majibu hayo hupatikana kwa kujaribu katika mazingira yetu.

Hapo ndipo sheria inapoingia. Tanzania ni mwanachama wa Itifaki ya Cartagena, mkataba wa kimataifa uliopitishwa mwaka 2000 na kuanza kutumika mwaka 2003, ambao huitaka nchi inayotaka kupeleka kiumbe hai kilichobadilishwa vinasaba nchi nyingine kwa ajili ya kukiachia katika mazingira kuomba kwanza ridhaa ya nchi inayopokea, tena baada ya kutoa taarifa zote. Sheria yetu ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni za usalama wa bioteknolojia za mwaka 2009 ziliiweka kazi hiyo chini ya Ofisi ya Makamu wa Rais. Kanuni hizo zilikuwa na kifungu kikali kilichomfanya mhusika awajibike kwa madhara hata kama hakufanya uzembe wowote, na kwa miaka kadhaa hakuna aliyethubutu kupanda jaribio shambani. Kifungu hicho kililegezwa kwa upande wa utafiti mwaka 2015, na Oktoba 2016 jaribio la kwanza la mahindi ya kustahimili ukame likapandwa Makutupora, Dodoma. Jeni yake ilitoka kwa bakteria mwingine wa udongoni, Bacillus subtilis. Novemba 2018 Serikali iliamuru majaribio yasimame na mabaki yateketezwe.

Sitaki kuwalaumu waliotoa amri ile, kwa kuwa Serikali ina haki na wajibu wa kusimamisha jaribio inapoona utaratibu haukufuatwa. Ninachokisikitikia ni kwamba sisi wakulima, ambao ndio jaribio lilisemwa kuwa kwa faida yetu, hatukuletewa hesabu ya kile kilichoonekana katika misimu ile, kiwe kizuri au kibaya. Jaribio la namna hiyo hufanyika ndani ya uzio, mbali na mahindi ya watu, na mavuno yake hayaliwi wala kuuzwa. Likifungwa bila mkulima kuelezwa lilichoonyesha, mwenye hofu atabaki na hofu yake na mwenye shauku atabaki na shauku yake, na kila mmoja atajaza pengo hilo kwa maneno ya mitaani.

Liko na jambo jipya zaidi. Mwaka 2012 Jennifer Doudna na Emmanuelle Charpentier walieleza chombo cha kuhariri jeni kiitwacho CRISPR, kilichowapatia Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2020. Kwa chombo hiki mtafiti anaweza kubadili herufi chache za vinasaba vya mmea wenyewe bila kuacha jeni ya kiumbe kingine ndani yake. Je, mmea huo ni GMO? Argentina iliamua mwaka 2015 kulichunguza kila zao peke yake, na lisilobaki na vinasaba vigeni likahesabiwa kuwa si GMO, wakati Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua Julai 2018 kwamba mimea hiyo inaingia chini ya sheria ya GMO. Jirani zetu Kenya walitoa mwongozo wao mwaka 2022. Kanuni zetu za mwaka 2009 ziliandikwa kabla chombo hiki hakijagunduliwa, na mbegu ya namna hiyo ikipita mpakani ni vigumu mno kwa kipimo chochote kuonyesha kama badiliko lake limefanywa na mtu au limetokea lenyewe.

Nataja mpaka kwa makusudi. Sisi tumepakana na Zambia kwa Tunduma na Malawi kwa Kasumulu, na mbegu huvuka pamoja na abiria. Zambia iliyakataa mahindi ya msaada yenye vinasaba vilivyobadilishwa wakati wa njaa ya mwaka 2002, ilhali nchi nyingine za ukanda wa kusini ziliyakubali kwa sharti kwamba yasagwe kwanza. Sharti lile lilikuwa la busara kubwa, kwa sababu unga huliwa tu lakini punje hupandwa, na hatari ya kula na hatari ya kupanda hupimwa kwa vipimo tofauti. Malawi, kwa upande wake, iliruhusu pamba ya Bt mwaka 2018. Majirani wawili wamefuata njia mbili, na sisi tuko katikati yao.

Kwa hiyo, Mhariri, naomba gazeti lako litenge ukurasa kabla ya mvua za Novemba. TOSCI, taasisi ya Serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, waeleze kwa Kiswahili chepesi jinsi mkulima anavyoweza kuisoma lebo ya mfuko na kujua mbegu imezalishwa kwa njia gani na imethibitishwa na nani. Ofisi ya Makamu wa Rais ieleze mbegu zilizohaririwa jeni zinahesabiwa vipi chini ya kanuni zilizopo, na ni vipimo gani vinavyofanyika Tunduma na Kasumulu. Watafiti waliosimamia Makutupora nao wapewe nafasi ya kutuambia walichokiona. Niko tayari kuyakusanya maswali ya wakulima wa Rungwe, Busokelo na Mbeya Vijijini na kuyaleta katika ofisi yenu ya mkoa kabla ukurasa huo haujaandaliwa.

Wako,
Afisa ugani mstaafu,
Tukuyu, Mbeya