Mume wangu hana kosa, sasa kwenye talaka niandike nini?

Habari anti, na wasomaji wote habari zenu. Naomba jina langu lisitokee mana Morogoro yetu hii ni ndogo na mawifi wanasoma sana humu.

Mimi ni mama wa watoto wawili, wa kwanza ana miaka 10 mdogo ana 6, ndoa tulifunga kanisani 2014. Niseme mapema kabla watu hawajaanza kunitungia: mume wangu hajawahi kuninyanyulia mkono hata siku moja, mlevi sio, mchepuko kama anao basi anauficha kuliko mtu yeyote ninayemjua, na hela ya watoto inaingia kwenye simu kila tarehe 2, akichelewa sana ni tarehe 3. Tatizo tumechokana. Yaani tulifika mahali tunakaa mezani kinachosikika ni vijiko tu, akisafiri kikazi mimi napumua, kumbe na yeye huko anapumua. Mwaka juzi mwezi wa kumi nikamwambia kwa upole bora kila mtu akae kwake, akakubali wala hakuuliza kwanini, akakunja nguo zake, afu akanitengenezea bomba la jikoni lililokuwa linavuja toka Pasaka, ndo akaondoka. Mimi sikulia kwa kuondoka kwake nililia kwa lile bomba.

Sa hivi yuko Kahama kikazi. Talaka tunaitaka wote, hamna anayemng'ang'ania mwenzake, na mimi kwa akili zangu nilijua wawili mkikubaliana mnaenda mahakamani mnasaini basi. Kumbe kwa hii sheria ya ndoa ya 1971 lazima kwanza mpite baraza la usuluhishi, wakishindwa kuwapatanisha wanawapa hati ndo uende nayo mahakamani. Nikaenda. Mzee mmoja akafungua kaunta buku, akalamba kidole, akafika ukurasa mweupe akauliza, "Kosa la mwenzio nini?" Nikasema hana kosa. Akanitazama, akafunga kalamu. Akasema mama nenda kafikirie, mtu hawezi kuachwa bure.

Nikamtafuta msaidizi wa kisheria, binti mmoja mpole sana, ndo akanifafanulia kwamba kukubaliana kwetu peke yake hakutoshi, mahakama mpaka iridhike ndoa imevunjika kiasi kwamba hairekebishiki, na sheria imetaja vitu inavyoweza kuvichukua kama ushahidi: ugoni, ukatili wa mwili au wa akili, kutelekezwa kwa miaka isiyopungua mitatu, kutengana kwa hiari miaka isiyopungua mitatu, mwenzio kufungwa maisha au miaka mitano kwenda juu, kichaa kilichothibitishwa na madaktari wawili kwamba hakiponi, na vingine. Na hata ukiwa na kimojawapo hakimu bado anapima. Nimejipekua kote huko anti, kinachotuhusu ni hicho cha kutengana tu, na miaka mitatu haijatimia.

Tena hapo pana shimo lingine. Mwaka jana baba yangu alifariki, mume wangu akaja msibani kama mkwe anavyotakiwa, akakaa wiki nzima nyumbani, analala kwenye kochi sebuleni. Ila usiku mmoja, mniwie radhi, hakulala kwenye kochi. Ilikuwa majonzi tu na asubuhi kila mtu aliona aibu. Sasa hapo hesabu ya kutengana inaanza upya au inaendelea? Huyo binti sikuweza kumuuliza, ana umri wa mdogo wangu wa mwisho.

Dada yangu yeye anasema acha ujinga, sema alikuwa anakupiga, nani atabisha? Mimi siwezi. Mwanangu anasoma vizuri tu sasa hivi na hukumu siku hizi zinawekwa mtandaoni, siku akikuta baba yake kaandikwa mpiga wanawake nitamwambia nini. Nikisema basi amenitelekeza, meseji za hela za kila mwezi zimejaa kwenye simu, halafu mimi ndo nilimwambia aondoke, na nimeambiwa dai likisimama juu ya kosa la mdai mwenyewe peke yake mahakama inaweza kulikataa. Rafiki yangu anayeishi Leicester anatucheka, anasema Uingereza toka Aprili 2022 hawaulizani kosa tena, unaandika tu kwamba ndoa imevunjika, zinapita wiki 20, unaomba hatua ya pili, baada ya wiki 6 unaomba ya mwisho. Huku kwetu sisi tusiogombana ndo tunaonekana waongo!

Na nyumba ya Kihonda ina jina lake. Yeye kasema niishi na watoto ila shemeji zangu wanasema mwanamke anaondoka na begi lake. Hapo siogopi sana mana nimeambiwa Mahakama ya Rufani tangu 1983 ilishasema hata kazi za nyumbani za mke ni mchango. Ninachoogopa ni nikikiri kwamba mimi ndo nilianzisha kuachana, hiyo itakuja kupunguza sehemu yangu?

Baraza wametuita tena wote wawili alhamisi ya wiki ijayo, mwenzangu ameshakata tiketi ya basi. Jana usiku alinipigia akaniuliza, "Kwani tukisema kosa ni langu si litaisha?" Yuko tayari kubeba ugoni ambao hajaufanya ili tu tumalize. Mliopitia haya, na wanasheria mliomo humu, nimkubalie, tusubiri miaka mitatu itimie, au kuna namna ya kumweleza yule mzee wa kaunta buku ukweli ulivyo na bado akatuandikia ile hati?

Mama wawili, Morogoro