Barua kwa Mwanangu: Kimo Kipi?

Ngamiani, Tanga

Mwanangu Zuhura,

Marahaba. Salamu zako mama yako amezipata, ila anasema ujumbe wa simu haumtoshi, umpigie asikie sauti.

Nakuandikia kwa sababu ya lile uliloniambia, kwamba Jumatatu unaanza mafunzo kwa vitendo na umekabidhiwa kuhesabu mbao na bati za banda la mita 8 kwa 8, paa la piramidi. Umeandika "kimo mita 3", basi. Kimo kipi, Zuhura? Usiku ule sikupata usingizi.

Kimo cha timazi, kutoka katikati ya kitako hadi kileleni, ni 3. Lakini bati halipandi kwa timazi, linapanda usoni. Nusu ya ukuta ni 4, wima ni 3; 4 mara 4 ni 16, 3 mara 3 ni 9, jumla 25, kwa hiyo mshazari wa uso ni 5. Boriti ya kona nayo ina safari yake, maana inaanzia pembeni kabisa, mbali zaidi na katikati: 16 na 16 ni 32, ongeza 9 upate 41, kipeuo chake cha pili ni mita 6.40. Paa moja, vimo vitatu. Anayepimia bati sakafuni atanunua za mita za mraba 64, na nyuso nne zinataka 80, hapo hujahesabu bati zinavyolaliana wala zile pembetatu zinazokatwa na kutupwa.

Kazi ya Pangani unaijua, sina haja ya kuisimulia. Niliwaambia nyumbani kwamba mbao zilikuja fupi. Zilikuwa na mita 5, kama nilivyozikata. Yule kijana niliyemfukuza siku ile ana karakana yake sasa huko Korogwe, na nikipita hunisalimia kwa heshima.

Daftari ulilolisahau juu ya kabati nimelisoma lote, usinikasirikie. Kumbe waandishi wa Misri ya kale walipima mteremko kama mafundi: kwa kila dhiraa moja ya kupanda, uso unaingia ndani viganja vingapi. Piramidi kubwa ya Giza ni viganja 5 na nusu kwa dhiraa ya viganja 7. Umeandika kimo kilikuwa kama mita 146 na kitako mita 230. Nikakaa na kalamu: kwa usoni ni kama 186, kwa ukingoni kama 219. Hata kwa Farao ungeulizwa, kimo kipi?

Penye ujazo umekariri tu, theluthi ya kitako mara kimo. Pembeni umeandika "kwa nini theluthi?", halafu ukurasa unaofuata mambo mengine kabisa. Swali zuri namna hiyo ukaliacha! Nimekuchongea mchemraba wa mtiki na kuukata vipande vitatu vilivyo sawa, kila kimoja piramidi yenye kitako cha mraba, na vilele vyote vinakutana kwenye pembe moja. Vitenganishe, uvirudishe, utaona theluthi kwa mikono yako. Hizi zimeinama upande na paa lako limesimama katikati, lakini maadamu kitako na kimo havibadiliki, ujazo ni ule ule. Na hapo, mwanangu, kimo ni cha timazi peke yake. Usichanganye.

Ile kanuni ya mwanahisabati Euler, vipeo toa kingo jumlisha nyuso, nimeijaribu. Piramidi yako: 5 toa 8 jumlisha 5, 2. Sanduku langu la zana: 8 toa 12 jumlisha 6, 2 tena. Inapendeza, ila haisemi nikate mbao wapi.

Mchoro wako wa mwaka jana nimeubandika karakanani. Kila mteja namwambia kachora binti yangu. Wewe sikuwahi kukwambia.

Kifurushi nimekikabidhi kwenye basi la kesho. Mama yako kaweka machungwa ya Muheza juu ya vile vipande, fungua taratibu. Bati la jikoni linavuja tena, upande wa mkaa. Nitapanda Jumamosi, vuli haijashika. Mdogo wako anaulizia kikokotoo chako cha zamani, kama hukitumii umwachie.

Kabla hujakabidhi ile orodha nipigie, hata alfajiri, unisomee vimo vyote vitatu.

Baba yako