Vyombo viwe vyenu

Leeds, Uingereza

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku. Kabla hujaendelea kusoma, mpe Mama shikamoo yangu, na Baba Mdogo pia. Tena Baba Mdogo umsomee barua hii yote kwa sauti, maana kuna mahali nimemtaja na ningependa aongezee ya kwake. Mimi ni mzima, kazi ya kufunga mitambo ya sauti inakwenda, na siku zimeanza kuwa ndefu kidogo.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote, pamoja na kile kipande cha mazoezi ulichokibandika mwishoni. Nimefurahi kweli. Wewe na gitaa la solo, mwenzako na besi, yule kijana wa Mwananyamala kwenye dramu na yule binti wa kwaya anayeimba: kwa baa ya Sinza watu wanne wanatosha kabisa. Anaimba vizuri huyo binti, anatamka maneno. Lililoninyima raha ni hilo la mwenye baa kujitolea kununua vyombo vyote, ninyi mpige kwake Alhamisi hadi Jumapili mpaka deni lake liishe. Umeniomba ushauri. Ushauri wangu ni kwamba mkatae, kwa heshima, na hela ya kuanzia nitatuma mimi.

Katika mji wetu, kwa miaka mingi, mwenye vyombo ndiye mwenye bendi. NUTA Jazz ilianzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park ilianza 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi, halafu 1983 ikachukuliwa na shirika la maendeleo la jiji, ndiyo maana mpaka leo tunasema DDC Mlimani Park. Na Remmy Ongala, ambaye kituo cha daladala hapo Sinza kinaitwa kwa jina lake, bendi yake iliitwa Super Matimila kwa sababu Matimila alikuwa mfanyabiashara mwenye vyombo. Tungo ni za Remmy, sauti ni ya Remmy, jina la bendi ni la mwenye magitaa! Mwaka 1985 Hugo Kisima aliivunja Orchestra Safari Sound aliyokuwa akiimiliki, akawavuta waimbaji Muhiddin Maalim na Hassan Bitchuka kutoka Mlimani Park, akaunda International Orchestra Safari Sound. Muziki uliotoka hapo ulikuwa mtamu, sina ubishi, na bila watu wenye mitaji wa namna hiyo huenda tusingekuwa na dansi tunalojivunia. Ila fikiria wale waliokuwa wakipiga Safari Sound ya zamani, siku walipoambiwa bendi haipo tena.

Au usifikirie, muulize Baba Mdogo. Amepiga tumba miaka mingi na hajawahi kumiliki hata moja. Bendi yake ya mwisho ilikufa Jumatatu asubuhi: lori lilikuja ukumbini likapakia spika, amplifaya, magitaa na tumba, kwa kuwa mwenye mali alikuwa ameviuza. Wapigaji wote walikuwa wazima, nyimbo wanazijua, na hawakuwa na cha kupigia. Mimi nilikuwa mdogo lakini namkumbuka alivyokaa barazani wiki nzima. Sitaki ukae baraza lile.

Kwa hiyo mwenye baa mwambieni hivi: yeye atoe jukwaa, umeme, chakula cha usiku na chumba chenye kufuli, na awalipe kwa usiku. Vyombo mtakuja navyo. Akiona meza zinajaa atakubali, maana shida yake ni bia ziuzike, spika hazina kazi kwake. Na mimi pia sitaki kuwa mwenye vyombo wa ughaibuni. Hela ninayotuma ni zawadi kwa bendi, lakini kila mmoja wenu atoe kitu kwanza, hata kiwe kidogo, na mwandike kwenye daftari nani katoa nini na akiondoka anaondoka na nini. Mfanye hivyo sasa mkiwa bado mnapendana.

Sasa hela yenyewe, maana haitatosha kila kitu na najua Kariakoo ukiingia bila mpango utatoka na masanduku yanayong'aa tu. Anzeni na sauti ya mwimbaji. Dramu ndani ya baa haihitaji maiki, inajisikia yenyewe hadi barabarani. Solo na besi vina amplifaya zao, zile mlizonazo zinafaa kwa kuanzia. Kinachopotea kwenye baa ni maneno ya wimbo, na mteja asiposikia maneno anageukia simu yake. Nunueni spika mbili za inchi 12 zenye amplifaya ndani, stendi zake, mikisa ndogo (kile chombo cha kuchanganya sauti) ya chaneli nane hivi, na spika moja zaidi ya kulaza chini imwelekee mwimbaji ajisikie. Spika kubwa za besi za kuweka sakafuni mziache kwanza, hata mkikuta zimeshushwa bei.

Muuza duka atakutajia wati. Atasema hii ni ya 500, lakini ile ya 1,000 ni mara mbili. Si hivyo sikio linavyosikia. Ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli 3 tu, hicho ndicho kipimo cha ukubwa wa sauti, tofauti ambayo mteja aliyekaa na bia yake ataihisi kwa mbali. Ili sikio lione sauti imekuwa kubwa mara mbili unahitaji kama wati mara kumi. Spika mbili zenye wati sawa zinaweza kupishana sana kwa ukubwa wa sauti, kutegemea zilivyotengenezwa. Basi waombeni waziwashe, mwende na huyo binti, aimbe palepale dukani bila aibu, tena aimbe polepole. Nendeni mlango wa duka msikilize kama maneno yanaeleweka. Hicho ndicho kipimo.

Maiki nitazituma mimi kutoka huku. Nataka ziwe Shure SM58, maiki iliyopo sokoni tangu 1966 na bado ndiyo naiona mikononi mwa waimbaji karibu kila baa ninayofunga mitambo. Bandia zake zimejaa dunia nzima, huku pia. Halisi ina uzito wa gramu 298 hivi. Nyingi za bandia ni nyepesi, kwa hiyo mizani ya jikoni inasaidia. Ziwe za waya. Zile zisizo na waya zinakula betri na zinagombania masafa ya redio, na hela yake ni bora iende kwenye spika.

Halafu kuna mlio, ule wa spika kupiga yowe watu wakaziba masikio. Huo hautibiwi kwa kununua kitu, unatibiwa kwa mpangilio. Spika kuu zikae mbele ya maiki, zisiwe nyuma yake. Spika ya chini ikae mbele ya mwimbaji, mgongo wa maiki uitazame, maana SM58 haisikii vizuri kinachotoka nyuma yake. Na huyo binti mwambie asiishike maiki kwa kufumbata kile kichwa cha wavu kama wanavyofanya marapa kwenye video; akikifumbata, maiki inaanza kusikia pande zote na yowe linakuja. Mkono ukae kwenye mpini, mdomo ukae vidole viwili kutoka kwenye wavu. Kila anapopunguza umbali nusu anapata desibeli 6 za bure, bila kugusa mikisa. Maiki isiyotumika izimwe.

Spika ziinueni kwenye stendi mpaka zipite vichwa vya watu waliosimama. Baa yenu ni ya makuti, haina kuta za kurudisha sauti, na mahali pa wazi kila umbali ukiongezeka mara mbili sauti inashuka desibeli 6. Zikikaa chini, meza ya mbele itawachukia na meza ya nyuma haitawasikia.

Sasa umeme, na hapa nakuomba kama dada yako, usinipuuze. Ulinitumia picha ya amplifaya ya besi ikiwa imechomekwa kwa plagi ya miguu miwili, na kijiti kimesukumwa kwenye tundu la juu la soketi. Kitoeni kijiti hicho. Tundu lile ni la ethi, na kazi ya ethi ni kuuchukua umeme unaovuja kwenye chuma cha amplifaya kabla haujapitia kwako. Mpiga gitaa ameshika nyuzi za chuma, nyuzi zimeunganishwa na amplifaya. Akisogea kuitikia wimbo, midomo ikagusa wavu wa maiki iliyounganishwa na soketi nyingine, yeye mwenyewe anakuwa waya kati ya viwili hivyo. Watu wamekufa jukwaani kwa namna hiyo. Huku hatufungi chombo ambacho hakijapimwa na kubandikwa karatasi ya tarehe ya kupimwa. Basi kabla ya usiku wa kwanza, fundi umeme mwenye leseni apime ethi ya hiyo baa, abadilishe plagi zote ziwe za miguu mitatu, na jukwaa zima lichukue umeme sehemu moja. Hela ya fundi nimeiweka kwenye hesabu yangu, usiihamishie kwenye stendi.

Umeme ukikatika na jenereta ikawashwa, mmoja wenu kazi yake iwe kuzima spika kwanza, kisha mikisa. Ukirudi, mikisa inatangulia, spika mwisho. Mikisa ipitie stabilaiza. Na kwa hewa ya chumvi ya Dar, jeki na plagi za waya zifutwe kila wiki kwa kitambaa kikavu, kisha zikae kwenye sanduku lenye kifuniko. Kutu huanzia hapo, na watu hudhani spika imekufa.

Nilifikiria kununua kila kitu huku vya mitumba. Umeme wetu na wa huku ni uleule wa volti 230, plagi ni ileile, vingefanya kazi moja kwa moja. Lakini spika ni nzito, na kuna nauli, ushuru, na kodi ya ongezeko la thamani ya 18% juu yake. Spika na mikisa nunueni Kariakoo kwenye duka litakalowapa risiti na dhamana, ili ikiharibika mnajua mlango wa kugonga. Mimi nitajaza sanduku moja la kilo 23: maiki, waya, klipu, na vizibo vya masikio. Vizibo vianze na mpiga dramu. Sheria ya huku ya kelele kazini, ya 2005, inasema zikifika desibeli 85 kwa wastani wa siku mfanyakazi lazima akinge masikio, na dramu kwenye kona ya baa inapita hapo kwa mbali. Mimi siingii kazini bila vizibo.

Sauti yenyewe isizidi mno. Kuna nyumba za watu nyuma ya baa, na NEMC, wale wa mazingira, wanafuatilia kelele za baa. BASATA, baraza la sanaa, pia mwende mkaisajili bendi mapema, msisubiri kuulizwa.

Nitumie vitu vitatu wiki hii: hatua ngapi kutoka jukwaani hadi meza ya mwisho, picha ya soketi zote za upande wa jukwaa, na jibu la mwenye baa. Nikivipata, hela inaingia kwenye simu ya Mama, si kwako, na Mama ndiye atakayekwenda nanyi dukani. Anajua kupatana bei kuliko ninyi wote. Mazoezi ya usiku msiyafanye pale nyumbani, Mama anaamka alfajiri.

Baba Mdogo, shikamoo tena. Kama mkono bado unaweza, hawa vijana hawana mpiga tumba. Niambie tumba mbili zinauzwaje siku hizi. Hizo nitanunua kwa jina lako.

Ni mimi dada yako,
Leeds