Pointi 15 si lazima zilingane na pointi 15

Mhariri,

Matokeo ya UACE, mtihani wa mwisho wa sekondari ya juu Uganda, yakitoka, wazazi wengi hujumlisha pointi na kuamua papo hapo: mtoto aombe udaktari Makerere, au asithubutu. Hesabu hiyo haitoshi, na inawanyima watoto nafasi.

Chuo hupima uzito wa kila somo kulingana na kozi. A ni pointi 6, B ni 5, C ni 4. Masomo mawili ya lazima huzidishwa mara 3, la tatu linalohusiana na kozi mara 2. Kwa udaktari, ya lazima ni Baiolojia na Kemia. Mwanafunzi mwenye A ya Baiolojia, B ya Kemia na C ya Fizikia anapata 18, 15 na 8, jumla 41. Mwenzake akipata C ya Baiolojia, B ya Kemia na A ya Fizikia ana 12, 15 na 12, yaani 39. Wote wana pointi 15! Wasichana huongezewa 1.5, na watu husahau.

Huyu wa pili asiache kuomba. Kiwango cha kuingia, yaani pointi za chini zinazokubaliwa, kwa wanaojilipia karo kwa kawaida huwa chini kuliko cha udhamini wa serikali, ila familia ihesabu karo ya miaka yote mitano kwanza. Chaguo linalofuata liwe kozi ambayo Fizikia ni ya lazima. Huko A yake itazidishwa mara 3. Kiwango cha mwaka jana kisimtishe wala kisimlevye, maana hubadilika kila mwaka kufuatana na waombaji.

Mwalimu wa Kemia,
Jinja