Aline, toa cherehani mvunguni

Goma, Majengo, tarehe 2 Februari 2023

Mpendwa Aline,

Barua yako imenifikia Jumapili, imefichwa katikati ya unga wa muhogo alioleta binamu yako. Nimeisoma mara tatu. Namshukuru Mungu kwamba Mama anatembea tena, na kwamba mvua haikuubomoa ule ukuta wa nyuma uliokuwa unatutia hofu. Sisi huku tuko. Maharage yamekuwa ghali tangu njia ya Rutshuru ifungwe, na ukipita Kanyaruchinya, kwenye kambi ya waliokimbia vita, utalia, watu wamelala juu ya mawe ya volkano na turubai moja kwa familia nzima. Hata hivyo tunaamka asubuhi, tunafanya kazi.

Nikujibu sasa lile uliloniuliza. Unasema cherehani ya marehemu shangazi bado iko ndani ya katoni, mvunguni mwa kitanda. Unangoja chumba pale Essence, lakini mwenye nyumba anataka garanti ya miezi sita. Unataka kwanza upate mashini ya pili, na ile ya kuzungushia kingo za nguo, na kibao chenye jina lako mlangoni. Halafu mwishoni kabisa, kwa herufi ndogo, umeniuliza mimi nilifanyaje.

Swali hilo limenikaa moyoni wiki nzima, Aline, kwa sababu mimi sikuanzia Goma. Nilianzia kwenu Bukavu, Kadutu, kwenye ua wa Mama, na wewe ulikuwepo ukishika ndoo.

Unaikumbuka ile Alhamisi, tarehe 27 Mei 2021. Volkano ilikuwa imetoka Jumamosi usiku, ikachoma nyumba za Buhene, ikasimama karibu na uwanja wa ndege. Baada ya hapo ardhi ikawa inatikisika mchana na usiku, kuta zinapasuka tukizitazama. Alfajiri hiyo gavana akatangaza kwamba kartie kumi, yaani mitaa ya mji, zihame, na Majengo ilikuwa mojawapo. Nilichukua nguo za mdogo wangu, vyeti vya shule na faili langu la buluu. Ndani ya faili mlikuwa na mradi wa sabuni, kurasa 24, umechapwa, una majedwali. Nilikuwa nimeupeleka mara mbili kwenye shindano la shirika moja, mara mbili wakaukataa, na kila mara nilikaa chini kuuandika upya kwa lugha nzuri zaidi. Miaka miwili iliishia hapo. Kwenye boti, watu wamebanana hadi huwezi kugeuza shingo, mimi niliufunga mradi ule tumboni kwa kitenge ili maji ya ziwa yasiuguse.

Siku ya tatu kwenu, tukila bugali na sambaza, Mama aliomba nimsomee. Nikamtafsiria Kifaransa chote, ukurasa kwa ukurasa, pamoja na faida ya mwaka wa tatu. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akauliza, "Na hiyo sabuni yako, mwanangu, inanukaje?"

Sikuwa na jibu. Nilijua itaniletea dolari ngapi mwaka wa tatu, lakini harufu yake sikuijua, kwa maana haikuwahi kuwepo hata kipande kimoja.

Kesho yake Mama akanipa chupa ya mawese ya jikoni kwake, akanipa na pesa ya kununua soda ya sabuni, ile kali inayounguza, sokoni. Hukuwa mbali, uliona yaliyotokea. Nilimimina soda na maji ndani ya sufuria yake ya alumini, na mara ikaanza kutokota bila moto, ikatoa moshi mkali, ikageuka nyeusi. Soda ile huila alumini. Na jambo hilo, Aline, nilikuwa nimeliandika mwenyewe, ukurasa wa saba: vyombo viwe vya plastiki ngumu au chuma kisichoshika kutu. Nilikuwa nimelinakili mahali fulani, likapita machoni, halikufika mikononi. Sufuria ya Mama ilitoboka, na tangu siku hiyo sijawahi kulisahau.

Ndiyo maana siwezi kukuandikia kwamba unahitaji mpango bora zaidi. Mpango wangu ulikuwa bora. Ulikuwa unajua kila kitu isipokuwa kazi yenyewe.

Tuliporudi Goma mwezi wa Juni nilikuwa na dolari 20. Nilinunua ndoo mbili, kijiko cha mbao, glavu, lita kadhaa za mawese na soda. Mara ya kwanza nilipima kwa vikombe, kama tunavyopima unga. Jirani alifulia sabuni ile, akarudi kunionyesha vidole vyake vimechubuka, kwa sababu soda ilizidi. Niliona haya mpaka nikashindwa kula. Mara ya pili niliogopa soda nikaipunguza sana, sabuni ikakaa kama siagi, haikushikika. Zamu yangu ya likelemba, mchango wetu wa kupokezana pesa, ilipofika, pesa yote niliiweka kwenye mizani. Hapo ndipo mambo yalipobadilika: kilo moja ya mawese, gramu 135 za soda, gramu 330 za maji. Soda ndiyo inatiwa ndani ya maji, polepole, nje penye hewa. Kamwe usimwage maji juu ya soda, itakurukia usoni. Unaacha ipoe, unachanganya na mafuta, unakoroga mpaka iwe kama uji mzito, ukichora mstari juu yake mstari unabaki. Hapo unamwaga kwenye fremu ya mbao.

Nakuandikia vipimo hivi wewe ambaye si mtu wa sabuni ili uone kitu kimoja. Kila namba hapo nimeilipia. Vidole vya jirani vimo ndani ya ile 135.

Halafu soko likanifundisha yale ambayo hakuna mtu angeweza kuniandikia. Kwenye mradi nilikuwa nimeweka kurasa nne nzima za karatasi ya kufungia na manukato. Wamama wa Majengo hawakuuliza manukato hata siku moja. Waliuliza, "Inatoa povu kwenye maji ya ziwa?" Wengi wetu tunachota ziwani kwa bidoni, na maji yale yana chumvichumvi zake, sabuni haitoi povu kirahisi. Mawese peke yake hutoa kipande kigumu kizuri, lakini povu lake ni dogo. Mzee mmoja anayeuza mafuta Birere ndiye aliyeniambia niongeze mafuta ya mise, yale yanayokamuliwa ndani ya kokwa ya chikichi. Nikajaribu, povu likaja. Ila mise hunywa soda nyingi kuliko mawese, kwa hiyo ikabidi nihesabu upya. Pia walitaka vipande vidogo. Nilikata vipande vikubwa vya kupendeza vikakaa. Nilipovikata mara nne, kipande kwa faranga 200, vikaisha siku mbili. Mtu anayeishi kwa pesa ya leo hununua sabuni ya leo. Mwaka jana kipindupindu kilipoingia kwenye kambi, vile vipande vidogo ndivyo vilivyoweza kufika Kanyaruchinya, kwa sababu mama aliyekimbia na watoto wanne hana pesa ya mche mzima.

Najua unachofikiri. Unafikiri, Riziki anasema hivyo kwa sababu kwake kulifanikiwa. Basi sikiliza na hili. Duka moja la mjini lilichukua vipande 80 kwa mkopo, wakaniahidi mwisho wa mwezi, na mpaka leo sijaona hata faranga. Sikuwa nimeandika popote, sikuwa na sahihi ya mtu. Kukimbilia kutenda bila kuhesabu kulinila miezi mitatu ya jasho. Sasa nina daftari, kila kipande kinachotoka kinaandikwa. Sikuambii ufunge macho urukie. Vita iko, bei ya mafuta inapanda kila njia inapofungwa, kuna wiki sizalishi chochote. Na wewe si mvivu. Nimekaa nyumbani kwenu, nimekuona ukiamka saa kumi kuchota maji. Hofu yako naijua kwa jina, niliibeba tumboni kwenye boti.

Watu wetu wana methali mbili ambazo zamani niliona zinagombana. Moja inasema subira huvuta heri, nyingine inasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Sabuni ndiyo iliyonipatanishia. Ukishaimwaga kwenye fremu na kuikata, lazima uiache juu ya mbao wiki nne, na msimu wa mvua hata sita. Ukiiuza mapema itayeyuka mikononi mwa mteja na itamuwasha. Kungoja kule ni kazi: kila siku kuna kitu ndani ya kipande kinakauka, kinapoa makali, kinakuwa kigumu. Lakini mafuta yaliyo kwenye chupa na soda iliyo kwenye mfuko, uviweke kando kwa kando hata miaka kumi, havitakuwa sabuni. Mimi nilikuwa naita ile miaka miwili ya faili la buluu subira. Haikuwa subira, Aline. Sikuwa nimemwaga kitu.

Na si kwenye kazi tu. Unajua mimi na kaka yangu wa Butembo tulivyoacha kusemezana tangu 2019, kwa sababu ya kiwanja cha baba kule Buhene. Baba alihamia pale baada ya volkano ya Januari 2002 kuchukua nyumba yetu ya mjini, akajenga ukuta kwa mawe yaleyale yaliyomchomea, akiyapasua kwa nyundo mwenyewe. Sasa moto wa 2021 umepita juu ya kiwanja, tunachogombania ni jiwe jeusi. Kwa miaka miwili nilikuwa natunga kichwani maneno ya kumwambia, nikiyapanga, nikiyapangua, nani aanze, nani aombe msamaha kwanza. Usiku mmoja wa Novemba nikapiga tu simu. Mtandao ukakatika nikiwa nimesema "Kaka". Nikapiga tena. Hatukusema lolote kati ya yale niliyokuwa nimeyatunga. Aliniuliza kama nimekula. Tulilia wote wawili, na Krismasi alinitumia jogoo.

Turudi kwenye cherehani yako. Chumba cha Essence kiache kwanza, hakikimbii. Baraza la kwenu linatazama njia ambayo nusu ya Kadutu hupita ikienda sokoni, na kivuli kiko pale mpaka saa tisa mchana. Weka cherehani hapo. Itie mafuta kabla, imekaa muda mrefu, na ule mkanda wa kukanyagia huenda umekauka, uubadilishe. Anza na yale ambayo watu hawana subira nayo: zipu iliyokatika, pindo la suruali, kola ya shati jeupe la mwanafunzi. Hayo hayahitaji mashini ya pili, na mtu aliyekuletea shati la mtoto wake ndiye atakayekuletea kitenge chake ukimrudishia kazi safi kwa siku uliyomwambia. Siku uliyomwambia, dada. Mafundi wengi wanapotezea wateja hapo.

Tena wakati huu ni wako. Tarehe 8 Machi, siku ya wanawake, iko mbele, imebaki wiki tano, kila mama wa Bukavu atataka kutoka na kitenge kipya, na mafundi wenye majina watakuwa wamelemewa kufikia katikati ya mwezi huu. Watakaokataliwa huko watatafuta fundi aliye karibu. Wakikukuta barazani, vizuri. Katoni mvunguni hawataiona.

Kwa hiyo ninakutumia mzigo na boti la Ijumaa usiku, utaupokea bandarini Jumamosi asubuhi. Ndani kuna vipande kumi na viwili vya sabuni, viwili ni vya jirani yenu. Kuna sufuria ya Mama, mpya, ya chuma kizito. Mwambie nimechelewa kuilipa, na kwamba sabuni inanuka kama mawese kidogo na mchaichai. Kuna pia kitenge cha yadi sita, kile cha kijani chenye ndege. Nishonee libaya, yaani blauzi, na sketi. Vipimo hivi hapa: mabega 39, kifua 96, kiuno 80, nyonga 104, mkono 22, sketi urefu 98. Shingo iwe ya mviringo, isishuke sana, na mikono iwe na marinda machache tu, sipendi yale makubwa. Bei nimeiweka mimi, faranga 12,000. Ukiona ni kidogo unaniambia. Nusu iko ndani ya bahasha hii, nusu utaipata nguo ikifika.

Nitaivaa tarehe 8. Iwe kwenye boti kabla ya tarehe 3, nipate siku za kuijaribu.

Msalimie Mama na wote wa nyumbani.

Rafiki yako,
Riziki