Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa chama chetu cha mpira wa magongo (hoki): tufungulie geti Jumamosi

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Nakusalimu kwa heshima zote. Nimekwisha kukuandikia barua tatu kupitia ofisini kwako na hakuna hata moja iliyojibiwa. Ndiyo maana hii naiandika hadharani. Uniwie radhi, lakini subira imenifika kooni.

Jumamosi iliyopita, saa moja asubuhi, watoto 23 walisimama nje ya geti la uwanja wa nyasi bandia, magongo mikononi. Geti lilikuwa na kufuli jipya. Mlinzi, ambaye ananifahamu tangu enzi zangu za kucheza, aliniambia huku ameinamisha macho kwamba ameagizwa asituruhusu sisi wastaafu, eti hatuna vyeti vya ukocha. Tukaenda kufanyia mazoezi kwenye maegesho ya magari. Mpira wa magongo ni mgumu kama jiwe, na juu ya lami huwezi kuutuliza. Uliruka ukampiga msichana wa miaka kumi na mmoja kwenye kifundo cha mguu. Hakulia. Aliniuliza tu, "Kocha, tumekosa nini?" Nilikosa la kumjibu, na sasa swali hilo nakuletea wewe.

Mwenyekiti, ahadi yako hukuitoa kwa kunong'ona. Kwenye mkutano mkuu wa mwaka juzi ulituita mbele sisi wachezaji wastaafu, ukasema tutakabidhiwa vijana tuwalee, tutapewa uwanja kila Jumamosi asubuhi, na chama kitaandaa mafunzo ya ukocha ili tupate vyeti. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawasha. Mafunzo hayo hayajaitishwa hata siku moja, na leo ni vyeti hivyo hivyo mlivyotuahidi vinavyotufungia geti.

Nilicheza kwa kulipwa misimu minane, nikiwa beki. Goti langu la kulia halikunjiki sawasawa, na asubuhi za baridi hunichukua muda kushuka ngazi. Magongo ya watoto nanunua kwa fedha yangu. Kinga za miguu za kipa wetu nimezishona upya mara nne kwa uzi wa viatu. Sijaomba mshahara, na wala sitaomba.

Nikueleze jambo moja ambalo mchezaji mstaafu huliona upesi. Kuna mvulana anayetumia mkono wa kushoto. Alikuwa ameambiwa kwamba magongo hayamfai, kwa sababu gongo la mashoto halipo. Ni kweli halipo: magongo yote yana upande bapa mmoja, nao ndio unaoruhusiwa kugusa mpira. Lakini aliyecheza miaka mingi anajua kwamba mkono wa kushoto ndio unaokaa juu, na ndio unaoligeuza gongo. Wa kulia unafuata tu. Nilimshika viganja vyake, nikavipanga, nikamwambia wa kulia aulegeze kana kwamba ameshika yai. Siku ileile alikokota mpira kutoka mstari wa kati mpaka ndani ya nusu duara iliyo mbele ya goli bila kuupoteza. Mama yake alikuwa pembeni ameshika mdomo. Mtoto huyo tulibakiza kidogo tumpoteze, Mwenyekiti, na Jumamosi alikuwa miongoni mwa waliosimama nje ya geti lako.

Wenzetu wamekwisha kuliona hili. P. R. Sreejesh, kipa wa India, alistaafu baada ya kupata medali ya shaba kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 2024. Chama cha nchi yake hakikumwacha apoe: alikabidhiwa timu ya vijana, na Desemba ya mwaka huohuo vijana wake wakatwaa Kombe la Asia la vijana. Ric Charlesworth wa Australia alimaliza kucheza, akawafundisha wanawake wa nchi yake wakaleta dhahabu za Olimpiki za 1996 na 2000. Kwenye magongo ya barafuni, Willie O'Ree, mchezaji mweusi wa kwanza katika NHL, ligi kuu ya Amerika Kaskazini, mwaka 1958, alianza kuwazungukia watoto akiwa na zaidi ya miaka sitini.

Nimejaribu kuelewa kwa nini mmetufungia. Huenda uwanja unakodishwa kwa wanaolipa, na saa zetu za asubuhi zina wateja. Huenda kuna anayedhani tunajikusanyia wafuasi kwa ajili ya uchaguzi wa chama. Kama ni hilo, nipe karatasi nitie sahihi leo kwamba sitagombea cheo chochote. Wenzangu sita nao wako tayari kutia sahihi. Kama ni vyeti, itisheni mafunzo, tutakaa darasani na magoti yetu haya, tufanye mtihani kama wengine.

Nilipoanza kuandika nilikuwa na orodha: vifaa, bima ya watoto, maji ya kunywa, usafiri wa kwenda mashindanoni. Yote hayo nayaweka kando. Naomba geti. Kuanzia saa moja hadi saa tatu asubuhi, Jumamosi tu. Tutaingia na mipira yetu, na tutaondoka kabla wanaolipa hawajafika.

Jumamosi hii watoto watakuja tena. Nimewaambia waje, kwa sababu nimeshindwa kuwaambia wasije. Tafadhali, Mwenyekiti, mwambie mlinzi afungue.

Wako katika mchezo,
Beki mstaafu